Libanga la Kidung'ata

Wanamuziki wa Kongo wana desturi ya kurusha mabanga. Katikati ya wimbo wa mapenzi mwimbaji anamwacha mpenzi wake kidogo, anataja jina la mfanyabiashara fulani mara mbili tatu, na mfanyabiashara anatoa pesa. Kwa njia hiyo nchi yetu imekwisha kuwasifu wauza mafuta, wabunge, makanali na wachungaji. Aliyebaki bila wimbo ni mkaaji mmoja wa Goma ambaye hajawahi kumlipa mtu hata faranga moja, na huyo ndiye ninayemrushia libanga leo, bure kabisa: kidung'ata, yule mdudu mweupe anayekaa kwenye alovera yako.

Usiseme humjui. Toka barazani, shika ile alovera uliyoipanda katika nusu ya bidoni ya njano, kisha tenganisha majani mawili ya chini kabisa pale yanapokumbatia shina. Kuna kitu cheupe ambacho siku zote umekidhania unga uliomwagika. Kikaribie. Ni mwili bapa wa umbo la yai, urefu wake milimita tatu au nne, mgongo una mikunjo mikunjo, na pembeni pote zimechomoza nywele fupi za nta, zote sawasawa, kama aliyetoka kwa kinyozi asubuhi hiyo. Miguu sita anayo, lakini haitumii ila kwa dharura. Macho anayo, lakini hayupo hapo kutazama mandhari. Ukimgusa kwa kijiti hakimbii wala hang'ati. Anangoja tu uchoke.

Kila Mkongomani anakijua Kifungu cha 15, ambacho hakimo katika katiba yoyote inayotumika lakini ndicho pekee kinachotiiwa toka Matadi mpaka Bunagana: jitafutie. Sisi wengine tunakitimiza kwa jasho na kelele nyingi. Kidung'ata anakitimiza akiwa amekaa. Tazama alivyouchagua mji wake. Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama Buhene, karibu kabisa na nyumba zetu. Ziwa zima liko pale chini linang'aa, na bado maji tunayanunua kwa bidoni. Katika hali kama hiyo mwenye akili hapandi waridi. Anapanda vitu vinavyoweka akiba ndani ya majani na mashina: alovera, kaktusi, kalankoe, lile taji la miiba lenye maua mekundu ambalo kila kanisa linalo mlangoni. Changarawe ya volkano haituamishi maji, na mimea hiyo inaipenda kuliko udongo wowote wa kununua. Kwa hiyo katika mji ambao kila mtu anatafuta maji, mmea umeyatafuta, umeyachanganya na sukari, umeyafungia ghalani, na kidung'ata amehamia ndani ya ghala. Ni mhandisi gani wa maji aliyewahi kufikiri hivyo?

Halafu kuna adabu yake mezani. Mdomo wake ni sindano nyembamba kuliko unywele. Anaichomeka polepole, anapita katikati ya seli bila kubomoa, mpaka afike kwenye mshipa unaosafirisha sukari, na hapo anatulia. Katika Kivu yetu tumewaona wanyonyaji wa kila namna, wenye leseni na wasio nayo, wa kiraia na wa magwanda, na tabia yao inajulikana: wanachimba leo, wanapakia leo, na shimo wanatuachia sisi na watoto wetu. Kidung'ata hana haraka hiyo. Mmea anaoukalia unaweza kuendelea kwa miezi ukitoa majani, na hata ua ukijaliwa, kabla rangi haijaanza kufifia na majani mapya kutoka yamepinda. Anajua kuwa mwenye nyumba akifa na mpangaji hana pa kulala. Natamani ningeweza kumpeleka akafundishe somo hilo katika machimbo fulani ya Masisi, lakini naona kule wanafunzi hawana muda.

Utomvu huo una sukari nyingi na lishe ndogo ya kujengea mwili. Inambidi anywe kupita kiasi ili apate kidogo anachokihitaji, na sukari iliyozidi anaitoa nyuma, tone baada ya tone, tamu na yenye kunata. Mtu mchoyo angeificha. Yeye ameifanya mishahara. Sisimizi wanakuja, wanampapasa mgongoni kwa vipapasio vyao, tone linatoka, wanalinywa, na kwa malipo hayo wanamlinda mchana na usiku. Nyigu akija kutaga yai ndani yake wanamfukuza. Mahali pakibana wanambeba mdomoni na kumhamishia jani jingine. Goma ni mji wa walinzi. Kila geti lina kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu miezi ambayo hajalipwa. Sijui mwajiri mwingine hapa anayelipa kila siku, papo hapo, bila kusema mfadhili bado hajatuma. Na masazo ya sukari yakidondokea jani la chini, ukungu mweusi unaota juu yake na kula. Hakuna kinachopotea katika uchumi huu, isipokuwa alovera.

Tukizungumzia makao, sote tunajua kupanga nyumba Goma: garanti ya miezi kadhaa mkononi, halafu unagundua aliyekupangisha naye amepangishwa na mwingine. Kidung'ata amelifikisha jambo hilo mbali zaidi. Ndani ya mwili wa yule aliyezoeleka zaidi majumbani, Planococcus citri, wanaishi bakteria wanaomsaidia kutengeneza lishe ile inayokosekana katika utomvu. Na mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa ndani ya bakteria hao wanaishi bakteria wengine. Mpangaji ndani ya mpangaji ndani ya mpangaji. Kila mmoja anatengeneza kipande cha kazi ambacho wenzake hawawezi, na hakuna anayemkatia mwenzake umeme.

Familia inaongozwa na mama. Mama hana mabawa, hatoki nyumbani, na anapokaribia mwisho wake anafuma mfuko wa nyuzi nyeupe na kutaga ndani yake mayai mia tatu, mia nne, wakati mwingine mia sita. Baba anazaliwa kama wenzake, lakini akikua anapewa mabawa na kunyang'anywa mdomo. Mdomo wa kula hana tena. Anaruka siku chache, anatimiza kilichomleta duniani, anakufa. Niliwaeleza habari hii akina mama fulani sokoni Virunga waliokuwa wakipanga sombe, yale majani ya muhogo, nao wakaisikiliza kwa utulivu mkubwa kuliko mahubiri. Mmoja aliuliza kama mabawa ni ya lazima.

Ukoo wake una historia kuliko ukoo wa machifu wengi. Mwaka 1923 ndugu yake mmoja alijitokeza kwenye kahawa katika nyanda za juu za Kenya, akafunika vishada vya maua na matunda mabichi, na walowezi wakaanza kuhesabu hasara. Walizungushia mashina mikanda ya gundi ili sisimizi wasipande, maana kidung'ata asiye na walinzi huliwa upesi. Wataalamu wakamtazama wakasema: huyu tunamjua, ni yule wa Asia. Basi wakaenda mpaka Asia kumtafutia adui. Maadui wakaletwa kwa meli, wakafunguliwa shambani, na hawakumtambua kabisa. Miaka 12 ilipita hivyo. Ilikuwa mwaka 1935 ndipo Le Pelley, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa Kenya, alipoeleza kwamba huyu si yule, akampa jina lake mwenyewe, ambalo leo linaandikwa Planococcus kenyae. Asili yake haikuwa Asia bali Uganda, hapo jirani. Manyigu wadogo walichukuliwa Uganda na kuachiliwa katika kahawa ya Kenya mwaka 1938, na kweli wakamtuliza. Manyigu hao ni wa jenasi ya Anagyrus, karibu sana na spishi ambayo jina lake la kitaalamu ni kivuensis, yaani la Kivu. Ikawa mdudu kapewa jina la Kenya, na mwindaji wake anakaribia kuwa wa kwetu.

Sisi ambao kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, na ambao tumeshapanga foleni kusahihisha herufi moja ya jina, tunaweza kuipima kazi hiyo. Miaka 12 na kitambulisho cha mtu mwingine, mbele ya serikali ya kikoloni, bila kulipa ya soda!

Binamu yake wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alifanya makubwa zaidi, na huyo alianzia kwetu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionekana kando ya mto Kongo, Kinshasa na Brazzaville, na kwa muda wa miaka kumi hivi akawa amesambaa kwenye mihogo tangu Senegali mpaka Msumbiji. Ncha za mimea zilijikunja, sombe ikawa haipatikani, na mizizi ikawa vidole. Katika jamii yake wote ni majike. Wanazaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka 1981 mtaalamu wa wadudu Tony Bellotti alimpata mdudu huyo kwao Paraguay, na huko huko akapatikana nyigu mdogo asiyefika milimita mbili anayetaga ndani yake. Nyigu alipitishwa Uingereza kukaguliwa, akapelekwa Ibadan, Nigeria, ambako Hans Herren na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walimzalisha na kumwachilia, kwingine wakimmwaga kutoka kwenye ndege. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati tayari akiongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi. Kidung'ata hakualikwa kwenye sherehe. Lakini nauliza: ni mkutano gani wa kilele uliowahi kuzikutanisha Paraguay, Uingereza, Nigeria na Zaire, jina letu la wakati ule, katika kazi moja, na kazi ikafanyika?

Mnaosema ukoo huu haujatoa kitu chochote kwa sanaa, subirini. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri toka Zanzibar mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake. Santuri za wakati ule, zile nzito za mizunguko 78 zilizovunjika zikianguka, zilitengenezwa kwa lakiri, na lakiri inatolewa na mdudu wa India anayeitwa Kerria lacca, jamaa ya karibu ya huyu wetu, ambaye hunyonya matawi ya miti na kujifunika kwa utomvu mgumu. Miaka 20 baadaye, Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwanarumba Wendo Kolosoy alirekodi Marie-Louise kwa chapa ya Ngoma, ule wimbo ambao watu walisema ukipigwa usiku wa manane wafu wanafufuka, na nao ukaenda nyumbani kwa watu katika santuri za aina ile ile. Sauti ya taarabu na sauti ya rumba zimetufikia kupitia mgongo wa mnyonya miti. Jamaa mwingine, yule wa Mexico anayekaa kwenye kaktusi, anatoa wekundu uliowapamba makadinali na maofisa wa jeshi la Uingereza. Inasemwa ratili moja ya rangi hiyo inataka wadudu kama 70,000. Mpaka leo yumo katika vipodozi vya midomo na katika yogati za rangi ya waridi. Na katika Kaunti ya Laikipia, Kenya, ambako kaktusi iliyoletwa kuwa ua wakati wa ukoloni imevamia malisho na kuwajaza mbuzi miiba mdomoni, wafugaji sasa wanamzalisha ndugu wa mdudu huyo kwa makusudi, wanambeba kwenda naye malishoni na kumwombea azae. Sisi huku tunammwagia sabuni.

Maana vita vipo, siwezi kuficha. Mama jirani yangu ndiye jemadari. Alipoona alovera zetu alisema, «Papa, maua yako iko na tududu tweupe. Mwangia kanyanga, itakufa yenyewe.» Shauri hilo lina elimu ndani yake: pombe kali inayeyusha nta, na kidung'ata bila nta anakauka. Wenye duka la dawa karibu wanatumia alkoli ya asilimia 70, pamba kwenye ncha ya kijiti, na kumgusa mmoja mmoja, kazi inayomfanya mtu mzima apige magoti mbele ya mmea kwa nusu saa. Ni katika imani chache sana waumini huinama muda mrefu hivyo. Kanyanga inafanya kazi pia, ila kila mara chupa inapungua kuliko vidung'ata. Maji ya sabuni yanawaangusha wale wachanga, wa rangi ya manjano, ambao bado hawajajivika nta. Mayai ndani ya mfuko wake hayasikii kitu, na ndiyo sababu baada ya wiki moja mji unajaa tena, na anayetaka kushinda lazima arudie kila wiki, juma baada ya juma, kwa uaminifu ambao hatuupeleki hata kwenye likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana. Kuna na wale wanaojificha mizizini: unaona mmea unanyong'onyea bila mdudu hata mmoja juu, unaung'oa kwenye bidoni, na ukuta wa ndani wote umepakwa chokaa. Hapo dawa ni kuosha mizizi yote, kukata iliyooza, kuacha jeraha likauke siku kadhaa na kupanda upya katika changarawe safi. Changarawe, namshukuru Nyiragongo, haijawahi kutupungukia.

Adui yake mkubwa kabisa ni mbawakawa mdogo kutoka Australia, Cryptolaemus montrouzieri, ambaye California walianza kumtumia tangu mwaka 1891. Kiluwiluwi chake, kabla hajawa mbawakawa, kimefunikwa nyuzi nyeupe za nta, kikubwa kuliko kidung'ata lakini cha sura ile ile, na kinatembea katikati ya vidung'ata kikila mayai huku sisimizi, walinzi wale niliowasifu, mara nyingi wakikiacha kipite. Adui amevaa sare ya wenyeji, na mlinzi anamsalimia. Hapa Goma habari hiyo haihitaji maelezo, na mimi si mtu wa kuongeza maneno.

Wanaomshtaki wanasema anaua maua. Nimezisikiliza kesi hizo, na kila nikienda kutazama nakuta jambo lile lile. Alovera imewekwa sebuleni, pembeni, nyuma ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, mbali na dirisha, na mwenye nyumba anaimwagia maji kila asubuhi kwa sababu anaipenda. Ameitilia na mbolea ya shambani, ile ya naitrojeni, aliyoletewa na shemeji kutoka Rutshuru. Mmea unanenepa, unakuwa laini, utomvu unakuwa na lishe kuliko kawaida, na kidung'ata anayekula vizuri huzaa vizuri. Kisha tunamwita mwizi, ilhali meza tumemwandalia wenyewe! Ile iliyoachwa nje kwenye jua, iliyosahaulika mpaka changarawe yake ikakauka kabisa, mara nyingi ndiyo nzima. Kidung'ata ni mkaguzi wa hesabu: anakuja palipozidi, anaandika ripoti yake kwa wino mweupe, na tofauti na wakaguzi wengine haiwezekani kumpa bahasha.

Na jinsi anavyosafiri! Kila siku maelfu ya watu wanavuka mpaka pale Petite Barrière kwenda na kurudi Gisenyi, upande wa Rwanda, wenye karatasi mkononi na mizigo kichwani. Wakati wa Ebola, kisa cha kwanza kilipothibitishwa Goma Julai 2019, tulinawa kwa maji ya klorini kila mlango na kupimwa joto kwenye paji la uso. Kidung'ata mchanga alipita vizuizi vyote viwili, ndani ya mkunjo wa jani, kwenye chipukizi ambalo shangazi alimpelekea mtu aliyeungua. Kwa maana alovera hainunuliwi hapa. Inaombwa. Mtoto ameungua na chai, ngozi inawasha, nywele zinakatika, harusi iko karibu: mtu anabisha hodi na kuomba jani, na ukiwa na malezi unampa chipukizi zima ili asirudi kuomba.

Wataalamu wanashauri kwamba mmea mgeni ukae peke yake wiki kadhaa, mbali na wenzake, mpaka ijulikane kama umekuja na mtu. Shauri zuri. Lakini mama jirani akiniletea kalankoe yake, amesimama mlangoni, ameishika kwa mikono miwili, nitamwambiaje ikae nje? Nimeipokea, nimeiweka katikati ya zile nyingine. Naye amechukua alovera mbili. Akitaka na ya tatu aje Jumamosi, na kanyanga asisahau.